4G inasoma vizuri ila kila saa mbili usiku somo linakatika: naombeni ushauri

Mwalimu wa Goba
Wakuu, habarini za jioni. Nafundisha hesabu kidato cha nne kwa vidio nikiwa nyumbani Goba, saa mbili hadi saa tatu na nusu usiku, maana huo ndio muda wanafunzi wangu wanapata simu za wazazi. Wako 11.

Natumia rauta ndogo ya laini. Vijiti vinasoma vitatu kati ya vinne na bando lipo, lakini ikifika saa mbili na robo hivi sauti inaanza kukatika. Jana nilikuwa katikati ya hatua ya tatu ya swali, mtoto mmoja akaandika: "Mwalimu umeganda, mkono uko juu ya x." Nikarudia mara tatu. Nikapima spidi: kushusha 3.1 Mbps, kupandisha 0.3. Alfajiri saa kumi na moja, meza ileile: kushusha 19, kupandisha 4.

Nimeshahamia bando kubwa la mwezi, hali ni ileile. Kuna kifaa cha kukuza mtandao nimekiona Kariakoo. Ninunue, au nihame laini? Wazazi wanalipa kwa kujinyima, naumia kuwakatia watoto somo.

Kinyerezi Juu
Hama laini dada. Mimi nilihama mwaka jana, sijajuta.

Chumvi ya Bahari
Wanatubana makusudi hao ili tununue bando jingine. Usiwape hela zaidi.

Fundi wa Masafa
Chumvi, bando likibanwa kwa kawaida linabanwa usiku na mchana. La mwalimu linafunguka alfajiri bila yeye kugusa kitu. Huo ni msongamano.

Mwalimu, nimefanya kazi ya kurekebisha minara miaka sita, ngoja nieleze. Mnara hautengi njia ya mtu mmoja, masafa ni ya wote waliopo pale. Kwenye 4G yenye upana wa 20 MHz kuna vipande 100 vya masafa, kila kimoja 180 kHz, na kila milisekunde 1 mnara unaamua upya kipande kipi apewe nani. Yaani mara 1,000 kwa sekunde. Upana ukiwa 10 MHz, vipande ni 50. Vijiti vinakuambia unausikia mnara kwa nguvu kiasi gani, havikuambii mko wangapi mnaogombania vipande hivyo.

Sasa anapewa nani? 3GPP, wanaoandika viwango vya 4G, hawakuweka kanuni moja. Kila mtengenezaji wa mitambo ana yake, ila nyingi zinatokana na wazo hili: chukua kasi ambayo mtu anaweza kuipata sasa hivi, gawanya kwa wastani aliopata karibuni, mwenye jibu kubwa apewe. Tuseme jirani yako anaweza kupata 30 na wastani wake ni 15, jibu 2. Wewe unaweza kupata 4 na wastani wako ni 1, jibu 4. Kipande hicho ni chako, ingawa yeye ana kasi kukushinda. Mnara ungetazama kasi peke yake, walio mbali wangelala njaa. Ungegawa kwa zamu bila kutazama hali, ungempa mtu kipande wakati mawimbi yake yamezama.

Kwa hesabu hiyo, mwisho wa siku watu wanaotumia kwa wakati mmoja hupata vipande vinavyokaribiana. Bando kubwa limekuongezea GB, vipande halijakuongezea. Kilicho mikononi mwako ni kipande chako kibebe kiasi gani. Fungua ukurasa wa rauta utuletee RSRP (nguvu ya mawimbi ya mnara yanayokufikia, ikikaribia sifuri ni bora) na SINR (mawimbi hayo yanaizidi kelele kiasi gani, ikiwa kubwa ni bora), ndani na nje.

Mwalimu wa Goba
Asante sana mkuu, leo ndiyo nimeelewa. Mezani ninapofundishia: RSRP -108, SINR 2. Dirisha la jikoni upande wa barabara: -95, SINR 11. Nje uani: -91, SINR 14. Nyumba ni ya tofali za saruji, juu bati, madirisha ya alumini na vioo vya giza.

Fundi wa Masafa
Ugonjwa umeonekana. Kutoka SINR 2 kwenda 14, kipande kilekile kinabeba data kama mara tatu. Saruji na bati vinakula mawimbi yako.

Na kwa mwalimu kinachouma zaidi ni kupandisha. Mnara unarusha kwa makumi ya wati, rauta yako mwisho wake ni wati 0.2. Ikisikika kwa shida, nguvu hiyo haitoshi kutandazwa kwenye vipande vingi, kwa hiyo mnara unaipa vichache hata kama vingine viko wazi.

Kile kifaa cha Kariakoo achana nacho. Kinakuza mawimbi pamoja na kelele, na kisichoidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kinaweza kuvuruga mtandao wa mtaa mzima. Hamishia rauta dirishani leo hii. Ukipata hela, nunua antena ya nje ya kuelekeza mnarani, yenye waya mbili. Kuhama laini si vibaya, ila azima laini ya jirani uipime saa mbili usiku. Ukipima mchana utadanganyika.

Mpika Vitumbua
Mwalimu, mwanangu naye anasoma hivi. Mwalimu wake anazima kamera, anaonyesha ubao tu na sauti. Kidogo inasaidia.

Mwalimu wa Goba
Nimerudi baada ya siku nne. Rauta iko dirisha la jikoni, nimehamishia meza hukohuko. Jana saa mbili na nusu usiku: kushusha 8, kupandisha 1.4. Kamera nimezima kama alivyoshauri Mpika Vitumbua. Tumemaliza milinganyo ya kipeo cha pili, wote 11, bila kurudia hatua hata moja. Antena nanunua mwisho wa mwezi. Fundi, kutoka paani hadi mezani ni mita 12, ninunue waya wa urefu huo?

Fundi wa Masafa
Hapana, waya wa antena mrefu utakula ulichokipata. Weka rauta juu karibu na antena, mahali pasipofika mvua wala joto la bati, waya wa antena usizidi mita 2. Huo wa mita 12 uwe waya wa intaneti wa kushuka hadi mezani, wenyewe haupotezi kitu kwa urefu huo.