Mpwa wangu yuko makao ya watoto Moshi: nimchukue sasa au nisubiri?

Mjomba wa Singida
Ndugu zangu, naomba ushauri. Dada yangu alipofariki alimwacha binti wa miaka 4, na kwa kuwa wakati huo mama yetu alikuwa akiugua nami sikuwa na kazi, mtoto alipelekwa katika makao ya watoto mjini Moshi. Sasa ana miaka 9. Mimi nimeoa, tunalima alizeti, na mke wangu ameridhia tumlete nyumbani. Nilipokwenda kumtazama mwezi uliopita, aliniamkia kwa wimbo pamoja na wenzake, kama wanavyowaamkia wageni wote, kisha akarudi kucheza. Msimamizi anataka nisubiri amalize shule ya msingi, kwa kuwa mfadhili anamlipia shule ya mchepuo wa Kiingereza. Mama yangu anataka nimlete hata kesho. Nianzie wapi?

Mstaafu wa Ustawi
Usimchukue kwa mapatano ya mdomo, hata msimamizi akikubali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtoto kuishi na wazazi au walezi wake, lakini kurudishwa kwake kupitie kwa afisa ustawi wa jamii. Mwone wa halmashauri yako, ukiwa na barua ya mtendaji wa kijiji, cheti cha kifo cha dada yako na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kama kipo. Atakuja kuiona kaya yako na kuuliza mtoto atalala wapi, pamoja na nani. Usione unashukiwa: wapo ndugu wanaofuata mtoto baada ya miaka mingi kwa sababu tu wanahitaji wa kuchunga mbuzi.

Nililelewa Makao
Mimi nilirudishwa kwa baba mdogo kwa siku moja tu, begi mapajani ndani ya basi, bila kuulizwa neno. Makao tulikula kwa kengele. Nyumbani hapakuwa na kengele, kwa hiyo kila usiku nilificha tonge la ugali chini ya godoro, nisijue kama kesho kutapikwa, mpaka mama mdogo alipoligundua na kunichapa. Nenda mara nyingi kwanza. Mpeleke bibi yake, mpelekee picha za mama yake, kisha aje kwenu likizo ya Juni, arudi, na ahamie Desemba ili Januari aanze darasa pamoja na wengine. Naye aulizwe, miaka 9 si mtoto wa kubebwa.

Mama Wawili
Suala la shule msilipuuze. Shule ya serikali haina ada, ila sare, madaftari na chakula cha mchana vina gharama, na kutoka masomo ya Kiingereza kwenda ya Kiswahili kutamchanganya kwa muda. Muulize msimamizi kama mfadhili anaweza kuendelea kumsaidia akiwa kwenu. Akikataa, utajua anayefadhiliwa ni mtoto au ni jengo.

Mjomba wa Singida
Nashukuru. Barua ya mtendaji nimeipata, na afisa atafika kwetu Jumanne. Mama amekubali kungoja hadi Desemba, kwa sharti kwamba safari ijayo ya Moshi tuende naye.