Mdogo wangu anamtikisa mwanangu ili anyamaze, nimwelezeje?

Mama Kichanga: Habari zenu wadau. Nina binti wa wiki 6. Ikifika jioni analia mpaka sauti inakauka, ingawa kliniki wamempima na anakua vizuri. Leo asubuhi nimemkuta mdogo wangu, anayenisaidia kulea, kamshika kwapani anamtikisa mbele na nyuma, kichwa kinayumba. Nikampokonya. Ananiambia hakumpiga, sasa kosa liko wapi? Ni binti mwenye upendo na sitaki kumfukuza, ila moyo wangu hautulii. Nimwambie nini akaelewa?

Nesi Mstaafu: Dada, kwanza mtoto. Mpeleke hospitali leo hii, hata akionekana mzima, maana ngozi inaweza isiwe na alama yoyote na ndani damu inavuja. Akiwa anakataa kunyonya, anatapika, amelegea, utosi umevimba, anapumua kwa shida au amepata degedege, usingoje hata dakika. Na waambie wazi kwamba alitikiswa. Ukificha, watahangaika na ugonjwa mwingine.

Mdogo wako mweleze hivi: kichwa cha kichanga ni kizito kwa mwili wake, na shingo haijakaza. Ukimtikisa kwa nguvu, ubongo unakwenda huku na huku ndani ya fuvu, vimishipa vinakatika, damu inavuja, ubongo unavimba. Hata nyuma ya macho damu huvuja. Sekunde chache zinatosha. Wapo wanaokufa, na wengi wanaonusurika hubaki na madhara ya maisha: upofu, kifafa, kupooza, ugumu wa kujifunza.

Baba Mapacha: Nesi kasema vema. Mimi naongezea la kufanya, kwa sababu ukimkataza tu bila kumpa njia nyingine, kilio kikizidi atarudia. Kilio cha umri huo huwa kikali zaidi kati ya wiki ya 6 na ya 8, halafu hupungua kuelekea miezi 3 au 4. Aangalie njaa, nepi, joto la mwili, amcheulishe. Ikishindikana na akahisi hasira inapanda, amlaze chali kitandani pake, pasiwe na mito, atoke chumbani dakika 5 au 10, kisha arudi kumwangalia. Kulia dakika hizo hakumdhuru mtoto. Nawe mruhusu akuamshe hata usiku wa manane, na usimnunie.

Mama Kichanga: Asanteni sana, tunajiandaa kutoka. Je, kumbembeleza mikononi huku natembea nako ni hatari?

Nesi Mstaafu: Hapana, bembeleza taratibu, kichwa kikiwa kimeshikiliwa. Michezo ya kumrusha juu na kumdaka acheni. Na akipaliwa au akizimia, watu humtikisa kwa hofu wakidhani atazinduka. Hilo nalo msifanye kamwe. Mchukue na mdogo wako uende naye huko hospitali, akamsikie daktari mwenyewe.

Mama Kichanga: Tumeshaondoka naye.