Naomba ushauri: mkilua wangu wa kivulini unaangusha maua

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nyuma ya nyumba yetu, nje kidogo ya mji wa Wete, Pemba, pana kijisitu cha miembe na mikarafuu ya zamani, na chini yake nimepanda mikilua miwili niliyopewa na shangazi yangu ikingali miche. Mkilua ni mti wetu wa asili wa misitu ya pwani, wa ukoo mmoja na mstafeli na mtopetope, na tangu mwaka 1970 wataalamu wa mimea wanauita kwa jina letu lile lile, Mkilua fragrans, jambo ambalo hunifurahisha sana.

Sasa ni mwaka wa nne. Ule wa ukingoni, unaopata jua la asubuhi, hutoa vilua, yaani maua yake, vya kutosha kikuba kimoja, kile kishada cha maua ya kunukia wanachojipamba nacho wanawake. Huu wa ndani, ulio karibu na shina la mwembe, una majani mazuri ya kijani kilichokoza, lakini matumba yake huanguka yakiwa madogo kama punje za mtama. Nilipofukua kwa vidole nilikuta mizizi ya mwembe imesukana juu juu, na udongo mkavu hata baada ya mvua za vuli.

Je, nipunguze matawi ya mwembe ili mwangaza upenye, au niuhamishe mkilua masika yakianza? Nachelea kuukata mizizi. Na aliyewahi kuotesha mbegu zake, au kufukia tawi likatoa mizizi, tafadhali anieleze alivyofanya.