Tupeane uzoefu: herufi za Kiarabu ndani ya StringIO

Asalam aleykum wana Unguja na Pemba, humu wamo wengi wanaoandika kodi za kushughulikia maandishi ya Kiarabu, hebu tuelezane yaliyowakuta pale maandishi yanapokaa kwenye memori kabla hayajawa faili, maana StringIO ya Python ndo kazi yake hio, ni kama faili lakini la kwenye memori tu.

Naanza mie. Ofisi moja hapa mjini ilikuwa na programu ya ripoti ya Python 2, aloiandika katumia cStringIO (aina ya StringIO iloandikwa kwa lugha ya C) kwa vile ni nyepesi, ikenda vizuri muda mrefu maana majina yote yalikuwa ya kilatini, ilipoingia ش moja tu ya Yunikodi (mfumo unaoipa kila herufi namba yake) ikagoma palepale. Wakaweka StringIO ya kawaida na hapo ndo pakazidi utata, ile ukiipa baiti (namba ghafi za kompyuta) inachukua, ukiipa Yunikodi inachukua, inaviweka vipande vipande halafu ukiita getvalue() ikupe maandishi yote ndo inataka kuviunga, inaanguka. Kosa liko juu huko ulipochanganya, mashine inakuonesha mstari wa mwisho, utatafuta mpaka magharibi! Dawa ni kugeuza kila kitu kuwa Yunikodi mlangoni kinapoingia. Python 2 wenyewe waliacha kuihudumia 2020, na kwenye Python 3 StringIO ni maandishi tu, BytesIO ni baiti tu, ukichanganya unapata TypeError (kosa la aina zisizolingana) hapohapo na mie naipenda sana hio.

Mtu wa Wete: Waleykum salaam. Sie huku shida ilikuwa data inayokuja kwa mafungu. Hio ش kwenye UTF-8 (njia ya kuandika Yunikodi kwa baiti) ni baiti mbili, D8 na B4, fungu likikatika katikati D8 inabaki huku na B4 kule, ukigeuza kila fungu peke yake unapata kosa. Wapo wanaoweka errors='ignore', yaani baiti isiyosomeka irukwe, yaishe, nawaombeni sana msifanye hivo, jina la mtu linapoteza herufi na hakuna atakayejua. Baiti zote ziingie BytesIO kwanza, kisha juu yake TextIOWrapper, inayogeuza baiti kuwa maandishi, isome.

Binti Malindi: Mie nachapa tenzi za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Wachapaji wawili, mmoja anaanza shada kisha fataha, mwengine fataha kisha shada, kwenye skrini huwezi kuwatofautisha ila ukitafuta neno unapata la mmoja tu. Sasa kila mstari kabla ya kuingia kwenye StringIO naupitisha unicodedata.normalize kwa NFC (mpangilio mmoja wa kawaida wa Yunikodi), inazipanga fataha mbele shada nyuma, kwisha.

Mwana Chake: Na wanaopeleka CSV (jedwali la maandishi matupu) kwenye Excel wakakuta ش imekuwa Ø´, enkodini, yaani geuzeni maandishi kuwa baiti, kwa utf-8-sig, inatia baiti tatu mwanzo, EF BB BF, Excel inatambua. Lakini faili hilohilo mkilirudisha kwenye programu lisomeni kwa utf-8-sig vilevile, la sivo jina la safu ya kwanza linabaki na alama U+FEFF (ndo zile baiti tatu) isiyoonekana na kodi itakwambia safu hio haipo.