Binti yangu hataki kuvuka feri tangu bibi yake afariki 2020. Wenzangu mlifanyaje?

mama_kibokoni

Assalamu alaikum, na habari zenu nyote.

Kuna jambo nyumbani kwetu linaahirishwa tangu Ramadhani ya 2020. Mama yangu mzazi alikuwa akikaa Likoni, ng'ambo ya feri. Mimi, mume wangu na watoto tuko Mji wa Kale, Mombasa. Shule zilipofungwa Machi na kafyu ikawa yaanza saa moja jioni, tulikubaliana kwamba mama asitembelewe, maana alikuwa na sukari na presha. Binti yangu alikuwa na miaka sita. Kila baada ya Alasiri akimpigia bibi yake, anaegemeza simu kwenye mto, na bibi anamfundisha kusuka ukili, ule mkanda wa miyaa wa kushonea mikeka, kwa maneno tu: "Huo wa kulia upitishe chini. Kaza. Usivute sana, utakatika." Mtoto akikosea, bibi alikuwa akimjua kwa vile anavyonyamaza ghafla.

Tarehe 6 Mei Mji wa Kale ukafungwa, sawa na Eastleigh kule Nairobi. Hakuna kuingia, hakuna kutoka. Mama akazidiwa kumi la mwisho la Ramadhani. Haikuwa korona, ni ile sukari yake. Akafariki alfajiri. Maiti kwetu halazwi, na kibali cha kunitoa mimi hapa hadi ng'ambo kilikuwa bado kinazungushwa huku na huku mama alipozikwa kabla ya Adhuhuri. Walioruhusiwa maziko ni watu 15, na kaka yangu mkubwa ndiye aliyelazimika kusema fulani aje, fulani abaki. Kuna mzee wetu mmoja aliyebaki, na hadi leo akikutana na kaka yangu ni salamu tu.

Matanga nilikaa peke yangu chumbani, na msahafu. Wanawake wa mtaa wakipita uchochoroni mmoja mmoja, wananipa mkono wa pole kwa maneno kupitia dirishani, barakoa usoni. Jirani wa ghorofa ya juu aliteremsha kikapu kwa kamba, ndani mna uji na kaimati za kufuturia. Yeye analia kule juu, mimi nalia huku chini. Mwenyezi Mungu amlipe, sitamsahau.

Sasa binti ana miaka kumi na mbili na hajavuka tena. Kila Iddi tukitaka kwenda nyumba ya bibi, mara tumbo, mara kichwa. Juzi ndipo akasema: "Mama, mimi sikumwona mtu yeyote akilia ila wewe. Nilijuaje kama ni kweli?" Ukili wake aliouachia nusu uko kabatini na hataki uguswe.

Nauliza waliofiwa wakati ule: baadaye mliwapa vipi watoto nafasi ya kuaga? Nataka kuwakusanya watu Likoni. Wengine nyumbani wananiambia miaka imepita, yataisha yenyewe. Mimi siamini, kwa sababu yangu hayajaisha.

baba_wa_kaloleni

Pole sana dada, Mungu amlaze mama mahali pema.

Sisi baba tulimzika Julai mwaka huohuo. Kwa Wagiriama mazishi ya mzee ni siku kadhaa: watu wanalala uani, ngoma inapigwa, ng'ombe anachinjwa, wajukuu wanatambuliwa mmoja baada ya mwingine huyu ni wa nani. Sisi tulikuja, tukafukia, tukatawanyika. Waliobeba jeneza wamevaa yale magwanda meupe ya kujikinga na korona, na mwanangu wa kiume aliyekuwa darasa la nne aliota magwanda hayo muda mrefu.

Lakini mila yenyewe ilikuwa na njia. Kwetu matanga ni mara mbili, ya maziko na mengine yanayofuata baadaye ukoo ukijiweza. Mwaka uliofuata tukafanya hayo ya pili, na tukayafanya kwa ukubwa wa yote mawili. Mwanangu nilimpa kazi: kupokea wageni njiani na kuwaonyesha kaburi. Kila mgeni akamweleza babu alikuwa mtu gani. Jioni sauti imemkauka, na usiku ule alilala.

Kwa hiyo usikubali kuambiwa umechelewa. Waite watu. Na huyo mzee aliyebaki nje ya wale 15, mwite wa kwanza, tena kaka yako aende kwake kwa miguu yake, asimpigie simu.

mwalimu_pangani

Wa alaykum salaam dada. Mimi niko upande wa Tanzania, na nafundisha msingi. Huku shule zilifungwa 17 Machi zikafunguliwa 29 Juni, kwa hiyo watoto wetu walikaa nyumbani muda mfupi kuliko wa kwenu, ambao wengi walirudi Januari 2021. Hata hivyo niliwapokea darasani waliofiwa na hawakuwa wamesema na mtu. Nyumbani watu wazima walikuwa na hofu zao, kujifukiza nyungu za mwarobaini na mchaichai kila jioni, mtoto akiuliza anaambiwa nenda kacheze.

Naomba nitofautiane kidogo na kaka wa Kaloleni. Mtoto wako hajasema anataka watu wengi. Amesema hakuona. Mpeleke kwanza wewe na yeye tu, siku ya kawaida, isiwe Iddi wala siku ya shughuli. Mwonyeshe kitanda, mahali pa kuswalia, kabati la kanga. Mweleze nani alimwosha bibi na nani alimkafini, kwa majina. Kama waliomwosha wapo, wamweleze wenyewe. Miaka kumi na mbili anaelewa. Shughuli ya watu ije baadaye, kama bado mtaihitaji.

mjomba_muscat

Mama Kibokoni, poleni nyote. Mimi huku Oman ndege zilisimama mwisho wa Machi 2020 na hazikurudi hadi Oktoba. Dada yangu alifariki Mombasa katikati ya hapo. Nilipata habari kwa ujumbe wa sauti, na maziko niliyasikia kwa sauti pia, mtu ameshika simu makaburini: udongo, koleo, watu wanaitikia dua. Kwa miezi nilikuwa nausikiliza.

Niliporudi, wanawake waliomwosha dada walinikalisha, wakanisimulia tangu maji ya kwanza hadi sanda ya mwisho. Mwalimu amesema kweli. Hilo lilinifaa kuliko pilau yote iliyopikwa.

Na mkikusanya watu, suala la hitima, kile kisomo cha kumwombea marehemu, msibishane. Anayeona haifai atoe sadaka na amwombee dua, anayeona inafaa asome. Mama ni wa wote.

mama_kibokoni

Nimewasoma mara mbili na mume wangu, Mungu awape kheri.

Waliomwosha mama ni wanne, na watatu wapo hai. Mmoja ni somo yangu, yuko Mtongwe. Nimempigia usiku huuhuu. Kumbe naye hajawahi kuulizwa na mtu, alilia kwenye simu. Anasema mama alikuwa mwepesi, na nywele walimsuka mikia mitatu kama inavyotakiwa, na udi ulifukizwa ingawa duka lilikuwa limefungwa; jirani alitoa wa kwake.

Binti alikuwa mlangoni anasikiliza. Akauliza kama somo yangu anajua kusuka ukili. Anajua.

Tunavuka Jumamosi asubuhi, mimi na yeye. Kaka nimemwambia habari ya mzee wetu. Ameguna tu, lakini hakukataa. Nitawaarifu.