Naomba ushauri: vitabu vya kuielewa tamthilia ya Kijerumani

Wakuu, habari zenu. Nimemaliza kusoma Woyzeck, tamthilia ya Mjerumani Georg Büchner, kwa tafsiri ya Kiingereza, na tangu hapo sijatulia. Askari maskini analishwa njegere tupu na daktari kwa ajili ya majaribio! Büchner alifariki 1837 akiwa na miaka 23, mchezo haujakamilika, na haukupanda jukwaani hadi 1913 mjini Munich.

Sasa natafuta kitabu cha uhakiki kinachoonyesha njia kutoka kwake hadi kwa Bertolt Brecht, mwandishi wa tamthilia wa Kijerumani wa karne ya 20. Kikigusa na Ibsen, mwandishi wa tamthilia wa Norway, bora zaidi. Kijerumani changu ni cha kuombea maji, hivyo kiwe cha Kiingereza au Kiswahili. Nianze na kipi? Au nisome kwanza tamthilia zenyewe?