Naomba ushauri: mara yangu ya kwanza kupita njia mbovu na kundi la pikipiki

Wakuu, habari zenu. Jumamosi ijayo naondoka Lushoto kuelekea Mtae na wenzangu sita, tutapita njia za vumbi za milimani. Wao wamezoea, mimi naendesha lami tu, mwaka wa pili sasa. Pikipiki ni Honda XL 125, meno ya matairi bado mazima.

Kinachoninyima usingizi ni miteremko. Juzi nilijaribu njia ya mashambani baada ya mvua, ule udongo mwekundu ukilowa ni kama sabuni. Nilishika breki ya mbele kwenye kona, tairi likateleza, nikaenda chini. Goti bado linauma, na tangu siku hiyo mwili unakakamaa kila nikiona mteremko. Je, nishuke na gia namba moja bila kugusa klachi, breki ya nyuma kidogo kidogo? Na upepo wa matairi nipunguze kiasi gani nisije kupinda rimu kwenye mawe?

Helmeti na buti ninavyo, vikinga goti sina.

Halafu, nikiachwa nyuma niwaombe wanisubiri? Naona aibu kuwachelewesha, lakini kule kuna makorongo. Mliowahi kupita huko naombeni msaada.